Alikuja kwa Miaka 3, Akakaa 61

Ukitaka kujua ni ugonjwa gani akina mama hawausemi, usiulize mbele ya watu. Subiri mkutano uishe. Ndivyo ilivyotutokea hapa Msimbazi, siku tulipowapima akina mama wa kanisani shinikizo la damu na kuzungumza nao juu ya kisukari. Wenzake walipokwisha kupanga viti na kuondoka, mama mmoja alibaki nyuma akijifanya anatafuta kitu katika mkoba wake.

"Shikamoo sista. Nina swali, lakini si langu. Ni la ndugu yangu."

Sisi tulio katika kazi ya uuguzi kwa miaka mingi tunamfahamu sana huyo "ndugu yangu". Ndiye mwenye magonjwa yote ya aibu ya mji huu. Tulimkaribisha akae, tukafunga mlango, na baada ya muda mfupi ikawa wazi kwamba swali lilikuwa lake mwenyewe.

Mama huyu anauza vitenge katika mitaa ya Kariakoo. Ana watoto 4. Tangu alipojifungua mtoto wa mwisho, akikohoa, akicheka au akinyanyua mzigo, haja ndogo humtoka kidogo. Kwa sababu hiyo hanywi maji tangu alfajiri mpaka anapofunga biashara, katika joto hili la Dar es Salaam tunalolijua sote. Huvaa sketi nyeusi kila siku. Ndani ya daladala husimama hata kama kiti kipo. Mumewe hajui lolote. Anafikiri mkewe anapenda tu kufua usiku.

Tulidhani habari imeishia hapo. Kumbe ndugu naye alikuwapo kweli. Mdogo wake, aliyeko kijijini mkoa wa Morogoro, alishikwa na uchungu wa mimba ya kwanza akakaa nao nyumbani siku 2 nzima. Mtoto alizaliwa amekufa. Siku chache baadaye mkojo ukaanza kumtoka mchana na usiku, haukomi, amelala au amesimama. Ni mwaka wa 6 sasa. Mume alimrudisha kwao, naye analala katika kibanda nyuma ya jiko.

"Sista, nilidhani ni hili hili langu, ila lake limezidi kidogo," alisema.

La hasha, si hilo hilo. Neno lake hilo ndilo lililotufanya tuandike makala hii.

KITANDA CHA MLANGONI

Kabla ya kuwalaumu wanakijiji, hatuna budi kukiri jambo moja. Tulipokuwa wauguzi wanafunzi, katika hospitali ambayo hatutaitaja, wanawake wa namna hii walikuwa wakiletwa. Tulikuwa tukiwapa kitanda cha mwisho karibu na mlango, tukafungua madirisha, na tukagawana zamu ili asiwahudumie mtu mmoja mara mbili kwa wiki. Hakuna aliyetufundisha kufanya hivyo, tuliigana. Jumapili tulikuwa tukisikiliza habari za yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, tukamhurumia sana. Haikutuingia akilini kwamba yuko kwenye kitanda cha mlangoni.

Tulikuwa hatujasoma vizuri hata chanzo chenyewe, nacho si kigumu kukielewa. Kibofu cha mkojo kiko mbele ya njia ya uzazi, nyuma ya mfupa wa kinena. Mtoto anaposhindwa kupita kwa sababu kichwa ni kikubwa kuliko nafasi, au amelala vibaya, wakunga huita uchungu pingamizi. Kichwa kinakandamiza nyama laini za kibofu na za njia ya uzazi juu ya mfupa. Zikikandamizwa kwa saa nyingi damu haifiki, na nyama isiyopata damu hufa. Baada ya siku kadhaa, mara nyingi kati ya 3 na 10, ile nyama iliyokufa huanguka na kuacha tundu. Mkojo haungoji tena kibofu kijae. Unapita tunduni moja kwa moja. Wakati mwingine tundu huwa upande wa nyuma, na hapo haja kubwa nayo hutoka bila hiari. Hiyo ndiyo fistula ya uzazi. Si laana, si uchawi, wala si adhabu ya uzinzi kama tulivyosikia ikisemwa. Upasuaji wa kumtoa mtoto, kama ungefanyika mapema, ungeizuia.

DAKTARI WA ADDIS ABABA

Karibu kila daktari wa fistula katika nchi zetu amefundishwa na yule mama wa Addis Ababa, au na mtu aliyefundishwa naye, au walau ameyasoma aliyoyaandika. Jina lake ni Catherine Hamlin.

Alizaliwa Sydney, Australia, mwaka 1924, akasomea udaktari huko huko, kisha akawa bingwa wa magonjwa ya akina mama na uzazi. Mumewe, Reginald Hamlin, alitoka New Zealand naye alikuwa bingwa wa kazi hiyo hiyo. Wote wawili walikuwa Wakristo wenye kuishika imani yao. Waliona tangazo katika jarida la madaktari kwamba Ethiopia inatafuta bingwa wa kuanzisha shule ya wakunga, wakaitika. Mwaka 1959 walifika Addis Ababa pamoja na mtoto wao wa kiume aliyekuwa na miaka 6. Mkataba ulikuwa wa miaka 3.

Mwenzao mmoja aliwaonya mapema kwamba wagonjwa wa fistula watawavunja mioyo. Wao hawakuwa wamewahi kumwona hata mmoja. Nchi walizotoka zilikuwa na wakunga na vyumba vya upasuaji, na ugonjwa huo ulikwisha kuwa habari ya vitabuni. Yafaa tukumbuke hapa kwamba Wazungu nao walikuwa nao. Mwaka 1855 palifunguliwa hospitali ya wanawake huko New York, na wengi waliotibiwa humo walikuwa na fistula. Mwanzilishi wake, J. Marion Sims, alikuwa amejifunza kuziba tundu hilo kwa kuwapasua watumwa weusi bila dawa ya usingizi. Mmoja wao, Anarcha, alipasuliwa karibu mara 30 kabla ya tundu lake kuzibika mwaka 1849. Mwaka 2018 sanamu ya daktari huyo iliondolewa katika bustani ya Central Park. Sisi tunapendelea kulikumbuka jina la Anarcha, pamoja na ya wenzake, Lucy na Betsey.

Basi akina Hamlin walianza kujifunza upya wakiwa watu wazima na shahada zao. Walisoma maandishi ya waliowatangulia, hasa ya Profesa Naguib Mahfouz wa Misri aliyekuwa ametibu fistula Cairo kwa miaka mingi. Walianza na matundu madogo. Habari zikaenea vijijini kwamba Addis Ababa kuna watu wanaoweza kuukausha ugonjwa huu, na wanawake wakaanza kuja. Wengine walitembea kwa siku nyingi. Wengine walipanda basi wakashushwa njiani kwa sababu abiria walilalamikia harufu. Wengine walikaa kituoni wakiomba nauli hadi ikatimia. Wapo ambao, kwa kulala wamejikunja miaka mingi wakidhani mkojo utapungua, miguu yao ilikuwa imekakamaa na ilibidi wafundishwe kutembea kabla ya kupasuliwa.

Miaka 3 ya mkataba ikaisha, wao wakabaki. Mwaka 1974 walifungua hospitali yao wenyewe kwa ajili ya wagonjwa hao tu. Huo ndio mwaka ambao Mfalme Haile Selassie alipinduliwa, na wageni wengi waliondoka katika miaka ile ya hofu. Wao hawakuondoka. Mgonjwa aliyepona alikuwa akipewa gauni jipya na nauli ya kurudi kwao. Akina mama mtatuelewa: gauni hilo si pambo. Ni nguo ya kwanza baada ya miaka mingi ambayo haina doa.

Reginald alifariki mwaka 1993. Wengi wangetegemea mjane yule arudi Australia akapumzike. Yeye aliendelea kupasua, na alikwisha kupita miaka 80 akiwa bado anaingia chumba cha upasuaji. Hospitali nyingine 5 zilijengwa mikoani ili mgonjwa asisafiri mbali, na mwaka 2007 kikafunguliwa chuo cha wakunga, kile kile alichoitiwa mwaka 1959. Alifariki Addis Ababa tarehe 18 Machi 2020 akiwa na umri wa miaka 96. Zaidi ya wanawake 60,000 walikuwa wamekwisha kutibiwa katika hospitali zake.

Yupo mmoja kati yao ambaye sisi wauguzi hatuchoki kumtaja. Mamitu Gashe aliletwa akiwa msichana mdogo kutoka kijijini, ameumia vibaya katika uzazi wa kwanza. Hakuwahi kwenda shule. Baada ya kutibiwa alibaki hospitalini akitandika vitanda, kisha akawa anawapa madaktari vyombo, halafu Reginald akaanza kumwongoza mkono wake ndani ya upasuaji. Akawa bingwa. Madaktari wenye shahada walikuja kujifunza kwake. Mwaka 1989 Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji cha London kiliwapa medali ya dhahabu akina Hamlin pamoja na Mamitu.

KAZI YA MUUGUZI

Watu husifu kisu, na kisu kinastahili sifa. Lakini hebu tuseme na sisi la kwetu.

Upasuaji wa tundu la kawaida huchukua muda usiozidi saa 1 au 2. Mara nyingi mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi mgongoni, na daktari hufanya kazi kupitia njia ya uzazi bila kuchana tumbo. Hutenganisha ukuta wa kibofu na ukuta wa njia ya uzazi, hushona tundu, kisha hujaza kibofu maji yenye rangi ya bluu kuona kama kuna tone linalopenya. Akiona kumekauka, kazi yake ya siku hiyo imekwisha. Yetu ndiyo inaanza.

Mgonjwa huwekewa mpira wa mkojo, nao hukaa wiki 2 au zaidi ili kibofu kisijae na kuvuta nyuzi. Siku hizo zote anatakiwa anywe maji mengi sana, mpira uchuruzike bila kukoma, na shuka libaki kavu. Mambo hayo 3 tunayaangalia kila saa, usiku na mchana. Mpira ukikunjwa chini ya paja, au ukizibwa na kipande kidogo cha damu, kibofu kitajaa na mshono utafumuka, na miaka ya kungoja ya mgonjwa itakuwa imepotea kwa sababu muuguzi alisinzia. Kazi ngumu kuliko zote ni kumshawishi anywe. Mwanamke ambaye kwa miaka amejinyima maji ili asinuke hataamini kwamba sasa maji ndiyo dawa. Tumewahi kukaa kando ya kitanda tukinywa naye, kikombe kwa kikombe.

Ni vizuri pia akina mama wafahamu kwamba tundu likigunduliwa mapema, nalo ni dogo, mpira ukiwekwa mara moja na kuachwa wiki kadhaa, lipo linaloziba lenyewe bila kisu. Kwa hiyo mzazi aliyekaa na uchungu muda mrefu, akiona mkojo unamtoka katika siku au wiki za kwanza, asisubiri arobaini. Aende siku hiyo hiyo.

TUNDU LIMEZIBA, MKOJO BADO

Kuna jambo ambalo picha za magazeti hazionyeshi, maana picha hupigwa siku ya gauni jipya. Wapo wanawake ambao tundu lao limezibwa vizuri kabisa, maji ya bluu hayapenyi, na bado wakisimama mkojo unawatoka. Ile misuli inayofunga mlango wa kibofu nayo ilikufa katika uchungu ule ule. Mgonjwa kama huyu huvunjika moyo kuliko mwanzo, kwani ameambiwa amepona.

Daktari mmoja kijana kutoka Australia, Andrew Browning, aliyefanya kazi na Dkt. Hamlin huko Ethiopia, aliwaangalia wanawake hawa kwa makini. Mwaka 2004 alichapisha katika jarida la mabingwa wa uzazi la Uingereza njia ya kuwasaidia: wakati wa kuziba tundu, kipande cha nyama na misuli ya mgonjwa mwenyewe hupitishwa chini ya njia ya mkojo kama mbeleko, ili iwe na kitu cha kuegemea. Baadaye alihamia kwetu Tanzania akaendelea na kazi hiyo Arusha. Mbeleko hiyo haiwakaushi wote. Wapo ambao kibofu chao kimebaki kidogo mno, na Dkt. Hamlin aliwajengea kijiji nje ya Addis Ababa, Desta Mender, yaani Kijiji cha Furaha. Huko waliishi na kufanya kazi kati ya wenzao.

Hapa kwetu, Hospitali ya Bugando kule Mwanza imetibu fistula kwa miaka mingi. Hapa Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT iliyoko Msasani ilianza kazi hiyo mwaka 2003, na matibabu ni bure. Hata hivyo waligundua kile kile kilichoonekana Addis Ababa, kwamba mgonjwa anaambiwa matibabu ni bure lakini haji. Kilichomshinda ni nauli. Basi kuanzia mwaka 2009 wakawa wanatuma nauli kwa simu ya mkononi, kupitia M-Pesa, kwa mtu aliyemgundua mgonjwa kijijini. Huyo huitwa balozi. Anaweza kuwa muuguzi, mwalimu, au mama aliyepona. Balozi humpeleka mgonjwa kituoni na kumkatia tiketi, na mgonjwa akifika salama, balozi naye hupata kifuta jasho kidogo.

NA LILE LA SKETI NYEUSI?

Tumrudie mama yetu wa vitenge, maana tatizo lake ndilo la wengi wanaosoma ukurasa huu.

Yeye hana tundu. Misuli inayobeba kibofu na kizazi, iliyotandazwa chini ya nyonga kama machela, imelegea kwa mimba na kuzaa. Kikohozi kinaposukuma tumbo, mlango wa kibofu unashindwa kujikaza kwa wakati. Mwaka 1948 daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika juu ya mazoezi ya misuli hiyo, na hadi leo ndiyo tiba ya kwanza duniani kote. Hayahitaji fedha wala chumba.

Kaa vizuri. Kaza kana kwamba unazuia haja ndogo na hewa kwa pamoja, bila kukaza tumbo, mapaja wala makalio, na bila kubana pumzi. Shikilia huku ukihesabu hadi 5, legeza ukihesabu hadi 5 tena. Ukizoea, fika 10. Fanya mara 10 asubuhi, mchana na jioni. Unaweza kufanya ukipima kitenge cha mteja naye asijue. Usitegemee matokeo wiki ya kwanza. Wengi huona tofauti baada ya miezi 3, na wanaokata tamaa hukata tamaa mwezi wa kwanza. Kabla ya kunyanyua mzigo au kupiga chafya, kaza kwanza.

Maji usiyaache. Mkojo mzito hukiudhi kibofu na kukifanya kikuhimize zaidi, na choo kigumu kinachofuata husukuma misuli ile ile unayojaribu kuiponya. Punguza chai kali na kahawa. Kama kukojoa kunachoma, kama mkojo una damu, kama kiu na haja ndogo vimezidi ghafla, au kama unahisi kitu kinashuka ukeni, usikae na mazoezi peke yake, nenda ukapimwe. Na kama miezi 3 imepita bila nafuu, wapo mabingwa wa mfumo wa mkojo na wa magonjwa ya akina mama, na upasuaji wake upo.

Tulimwuliza kama atamwambia mumewe. Alicheka, kisha akashika kinywa na kubana miguu. "Mwone kwanza mdogo wangu, sista. Mimi nitajisemea."

Ilichukua wiki 3. Mdogo mtu alikataa mara mbili, akisema hawezi kukaa na watu garini saa zote hizo. Siku aliyokubali tulikwenda pamoja na dada yake kumpokea stendi ya Mbezi. Alishuka wa mwisho, mwembamba, amejifunga kanga 3, macho chini, na mfuko wa plastiki umekunjwa mkononi. Tulimwuliza kama abiria walimsumbua njiani.

"Hapana," alijibu. "Dada alinilipia viti viwili."

Dada yake aligeuka pembeni akajifanya anatafuta kitu katika mkoba. Tukamshika binti mkono, tukapanda gari la kwenda mjini, na safari hii tulikaa naye kiti kimoja.